Sindano Iliyoponya, Sindano Iliyoambukiza: Historia ya Homa ya Ini C Katika Ukanda Wetu

Utangulizi

Kwa Kirundi ugonjwa huu huitwa indwara y'igitigu, jirani zetu wa Rwanda huuita indwara y'umwijima, na sisi tunaosema Kiswahili huuita homa ya ini. Jina letu lina kasoro moja linapotumika kwa aina ya C. Mtu akisikia neno homa anatarajia mwili kuchemka, kutetemeka na kulala kitandani siku kadhaa. Homa ya ini C mara nyingi haina homa. Kirusi chake huweza kukaa ndani ya ini miaka ishirini au thelathini huku mwenyewe akilima, akiuza sokoni na kulea wajukuu, mpaka siku tumbo linapoanza kujaa maji na macho kugeuka manjano.

Hapa Bujumbura, tumbo la namna hiyo huleta maneno mengi. Wengine husema mgonjwa amelishwa uburozi, yaani sumu ya kichawi, na jirani fulani huanza kutazamwa kwa jicho baya. Wengine, hasa wakisikia kuwa kirusi kinapita katika damu, hunong'ona kwamba mzee huyo lazima aliishi ujana wa ovyo. Maneno yote mawili yanaumiza watu, na yote mawili yanamfanya mgonjwa afiche hali yake.

Katika insha hii ninataka kuonyesha kwamba homa ya ini C katika ukanda wa Maziwa Makuu na Afrika ya Kati ina historia, na kwamba historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini wazee ndio wanaokutwa nayo zaidi. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya maambukizi hayo ilipitia sindano za tiba za karne ya 20, ambazo zilipigwa kwa nia ya kuponya. Nitaeleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha jinsi sindano zilivyoingia kwetu, kisha ushahidi uliopatikana, na mwisho jinsi tiba ilivyobadilika hadi leo.

Ugonjwa wenyewe

Homa za ini zinazosababishwa na virusi ni za aina tano: A, B, C, D na E. Aina za A na E hupitia maji na chakula kichafu. Aina za B, C na D hupitia damu, na B na D hupita pia kwa urahisi katika tendo la ndoa. Aina ya C hupita hasa pale damu ya mtu mmoja inapoingia katika damu ya mwingine: kwa sindano isiyosafishwa, kwa kuongezewa damu isiyopimwa, kwa wembe au vyombo vya kuchanja vinavyotumiwa na watu wengi. Mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na njia ya tendo la ndoa ipo, ingawa si kubwa. Kula sahani moja, kushikana mikono, kukumbatiana au kunyonyesha hakuambukizi.

Katika kila watu kumi wanaopata kirusi hiki, takriban watatu hukishinda wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa. Saba waliobaki huendelea kuwa nacho. Kati ya hao wanaoendelea kuwa nacho, asilimia 15 hadi 30 huweza kupata makovu makubwa ya ini ndani ya miaka 20, hali ambayo madaktari huiita sirosisi, na baadhi huishia kwenye saratani ya ini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 50 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini C ya kudumu, na watu 242,000 walikufa kwa sababu yake. Chanjo yake haipo hadi sasa, tofauti na homa ya ini B.

Jambo muhimu kwa mwanahistoria ni huo muda mrefu. Mgonjwa anayelazwa leo akiwa na miaka sabini huenda aliambukizwa akiwa mtoto. Ili tujue alivyoambukizwa, hatuna budi kuuliza ni nini kilichotokea miaka hiyo.

Sindano zinaingia: malale na buba

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi kandokando ya Ziwa Viktoria, na ukaonekana pia katika pwani za Ziwa Tanganyika. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika kwenye visiwa vya Ssese, Uganda, akajaribu dawa iliyoitwa atoksili, yenye arseniki ndani yake. Dawa hiyo ilipigwa kwa sindano, na ilibidi irudiwe tena na tena. Baadhi ya wagonjwa wake walipofuka. Hata hivyo serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za malale katika koloni lake, zikiwemo za pwani ya Tanganyika hapa Imbo. Usumbura, kituo cha kijeshi cha Wajerumani ambacho leo ni Bujumbura, kilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Kwa watu wengi wa Imbo, sindano ya kwanza waliyoiona maishani ilikuwa ya kambini.

Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916, na baadaye kuitawala Ruanda-Urundi kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, waliendeleza njia hiyo kwa upana zaidi. Katika Kongo yao walikuwa tayari na utaratibu wa kuwapima watu kijiji kwa kijiji, na katika maeneo ya malale mtu hakuruhusiwa kusafiri bila pasi ya kiafya. Mwaka 1920 daktari Mmarekani Louise Pearce alikuja Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kuijaribu triparsamidi, dawa nyingine ya malale. Nayo ilikuwa ya sindano, na mgonjwa alihitaji kupigwa mara nyingi.

Hapa kwetu ugonjwa uliowapa madaktari wa Kibelgiji sifa kubwa ulikuwa buba. Buba hula ngozi na mifupa, na huwapata hasa watoto. Sindano zenye arseniki na bismuthi zilikausha vidonda vyake kwa muda mfupi, na watu walikuja wenyewe bila kusukumwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja penisilini, na kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni ya buba katika nchi 46, ambamo takriban watu milioni 50 walitibiwa.

Nilipokuwa nikikusanya maneno ya zamani ya tiba kwa ajili ya kazi ya darasani, nilizungumza na bibi mmoja wa Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili. Alipigwa sindano ya buba akiwa msichana mdogo. Alinieleza hivi: "Tulipangwa mstari, mjukuu wangu. Mganga anapiga, anafuta kwa pamba, anampiga anayefuata. Nani angeuliza habari ya sindano? Sisi tulishukuru, kwa sababu buba iliondoka." Nikamuuliza kama walipendelea vidonge. Akacheka: "Zamani dispensari isiyopiga sindano haikuwa dispensari."

Maneno yake yana mambo mawili ambayo mtafiti hapaswi kuyaacha. La kwanza ni foleni. Bomba la sindano wakati huo lilikuwa la kioo, sindano yake ya chuma, na vyote vilikuwa ghali. Vilitakiwa kuchemshwa baada ya kila mtu, lakini mganga mmoja aliyekuwa na watu mamia mbele yake na jiko moja la kuni hakuweza kufanya hivyo. Mfano unaojulikana sana ni wa daktari Mfaransa Eugène Jamot huko Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kati ya 1917 na 1919 timu yake iliwatibu wagonjwa wa malale 5,347 kwa kutumia mabomba sita tu ya sindano. La pili ni imani. Sindano ilionekana kuwa tiba yenyewe, na imani hiyo haikuondoka na wakoloni. Hata leo kuna mgonjwa anayetoka hospitalini akinung'unika kwamba hakutibiwa, kwa kuwa amepewa vidonge peke yake.

Ushahidi

Kusema kwamba sindano zilipigwa bila kuchemshwa hakutoshi. Inabidi kuonyesha kuwa ziliambukiza. Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Misri. Mwaka 1918 daktari J. B. Christopherson wa Khartoum alitangaza kuwa chumvi ya antimoni inaponya kichocho ikipigwa kwenye mshipa. Misri, ambako wakulima wa bonde la Nile waliteswa sana na kichocho, iliichukua dawa hiyo, na kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 kampeni kubwa ziliwapiga mamilioni ya watu, kila mmoja zaidi ya sindano kumi. Mwaka 2000 watafiti walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyoonyesha kuwa maeneo na rika zilizopigwa sindano nyingi zaidi ndizo zilizokuwa na homa ya ini C zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta dalili ya kirusi hicho katika damu ya watu karibu 15 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59. Hakuna nchi nyingine kubwa iliyofikia kiwango hicho.

Afrika ya Kati ina ushahidi wake pia. Daktari Jacques Pépin wa Kanada na wenzake waliwapima wazee wa eneo la Nola, Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakachapisha matokeo mwaka 2010: waliotibiwa malale kabla ya 1951 walikutwa na kirusi cha C cha aina ya 4 kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Katika kusini ya Kamerun, ambako wazee wengi wana kirusi hiki na vijana wachache sana wanacho, watafiti walihusisha maambukizi na sindano za mshipani za kutibu malaria. Wanasayansi waliosoma jeni za kirusi cha aina ya 4 nao walikuta kwamba kilienea kwa kasi katika karne ya 20, wakati uleule wa kampeni hizo.

Aina hiyo ya 4 ndiyo iliyoenea katika ukanda wetu. Na sura ya umri ni ileile. Nchini Rwanda, ambayo ilitawaliwa pamoja na Burundi chini ya utawala mmoja wa afya hadi 1962, nusu ya wagonjwa 300 waliojiunga na utafiti mmoja wa dawa mpya walikuwa na umri wa miaka 64 au zaidi. Kama ugonjwa huu ungekuwa unaletwa hasa na mwenendo wa ujana, tungewakuta vijana wa leo wakiwa mbele. Kwa mtu aliyezaliwa Imbo au milimani kabla ya uhuru, maelezo yaliyo karibu zaidi ni foleni ile aliyonieleza bibi wa Buyenzi.

Sisemi kwamba kila mgonjwa aliambukizwa na mkoloni. Baada ya uhuru sindano ziliendelea kurudiwa, katika zahanati na kwa wapiga sindano wa mitaani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama zilileta maambukizi mapya milioni mbili ya homa ya ini C duniani. Ni mwaka 1999 tu ambapo mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana kuwa chanjo zote zipigwe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja. Wala sisemi kampeni za buba zilikuwa uovu. Watoto waliokuwa wakilemaa walitembea. Ninachosema ni kwamba madaktari walihesabu vidonda vilivyokauka, na hawakuwa na njia ya kuhesabu kile kilichopita kimya ndani ya damu.

Kirusi kinapata jina

Hawakuwa na njia kwa sababu kirusi chenyewe hakikujulikana. Katika miaka ya 1970 vipimo vya homa ya ini A na B vilikuwa vimepatikana. Harvey Alter na wenzake nchini Marekani walipowapima wagonjwa walioumwa ini baada ya kuongezewa damu, walikuta wengi hawana A wala B. Mwaka 1975 wakaandika kuwa kuna ugonjwa wa tatu, na kwa kukosa jina ukaitwa "si A si B". Jina hilo la kukanusha lilidumu karibu miaka kumi na tano. Mwaka 1989 Michael Houghton na wenzake Qui-Lim Choo, George Kuo na Daniel Bradley walikitambua kirusi kwa kusoma vipande vya jeni zake, na kikaitwa C. Mwaka 1997 Charles Rice alithibitisha kuwa kirusi hicho peke yake kinatosha kuleta ugonjwa. Alter, Houghton na Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Baada ya 1989 benki za damu zilianza kupata kipimo. Maana yake ni kwamba kila aliyeongezewa damu kabla ya hapo, popote duniani, aliongezewa damu isiyopimwa kirusi hiki.

Tiba: kutoka sindano hadi kidonge

Tiba ya kwanza nayo ilikuwa ya sindano. Mwaka 1986 interferoni ilionyesha kuwa inaweza kuwasaidia baadhi ya wagonjwa. Baadaye ikaunganishwa na vidonge vya ribavirini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 mgonjwa alipigwa sindano moja kila wiki, mara nyingi kwa wiki 48. Ilileta homa, upungufu wa damu na huzuni nzito, na takriban nusu tu ya wagonjwa walipona. Kwa Mrundi wa kawaida dawa hiyo ilikuwa kama haipo, kwa bei yake na kwa vipimo vilivyohitajika.

Mabadiliko makubwa yalikuja Desemba 2013, pale sofosbuviri ilipoidhinishwa nchini Marekani. Dawa hii na wenzake, kama ledipasviri, daklatasviri na velpatasviri, huzuia kirusi moja kwa moja kisizaliane. Mgonjwa humeza vidonge kwa wiki 12 kwa kawaida, na zaidi ya 95 kati ya 100 hupona kabisa. Lakini bei ya kwanza ilikuwa dola 1,000 kwa kidonge kimoja, yaani dola 84,000 kwa dozi. Misri ilijadiliana ikaipata kwa dola 900. Mwaka 2014 kampuni ya Gilead ilitoa leseni kwa viwanda vya India vitengeneze dawa hiyo kwa ajili ya nchi 91 zinazoendelea, na kadiri miaka ilivyopita bei ya dozi nzima katika nchi kadhaa ilishuka chini ya dola 100.

Nchi iliyoumizwa zaidi na sindano ndiyo iliyotangulia kuonyesha njia. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 Misri ilipima karibu watu milioni 50, na waliokutwa na kirusi wakapewa dawa bila malipo. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa nchi ya kwanza kufikia hatua ya juu, ngazi ya dhahabu, kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo. Rwanda nayo ilizindua Desemba 2018 mpango wa miaka mitano wa kupima watu milioni nne na kutibu zaidi ya laki moja.

Utafiti wa Rwanda nilioutaja una funzo jingine. Kati ya wagonjwa 300 waliopewa sofosbuviri pamoja na ledipasviri, asilimia 87 walipona. Ila waliokuwa na tawi la kirusi liitwalo 4r walipona asilimia 56 tu. Tawi hilo linapatikana kwetu, na ni nadra Ulaya na Marekani, ambako dawa zilijaribiwa kwanza. Waliokosa kupona walitibiwa tena kwa mchanganyiko wenye nguvu zaidi, na karibu wote wakapona. Basi mgonjwa wa ukanda huu akiambiwa dawa imeshindwa, asikate tamaa, na daktari wake ajue kuwa kosa si la mgonjwa.

Kupima kuna hatua mbili, na watu wengi huishia ya kwanza. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi. Aliyepona mwenyewe huendelea kuwa na alama hiyo. Kipimo cha pili hutafuta kirusi chenyewe, na mashine zilezile zinazotumika kupima kifua kikuu zinaweza kukifanya. Ni hicho cha pili kinachosema kama mtu anahitaji dawa.

Hitimisho

Historia hii inatupa mambo ya kufanya. Wazee waliozaliwa kabla ya sindano za kutupwa kuenea wastahili kupimwa hata kama hawaumwi, kwa sababu ini likishafika kwenye makovu makubwa, kirusi kinaweza kuondoka na hatari ya saratani ikabaki. Anayeomba sindano pale vidonge vinapotosha aelezwe na mtu anayemheshimu. Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi yetu: ugonjwa usio na homa unahitaji kuelezwa vizuri kuliko jina lake linavyoueleza, kwa lugha ambayo bibi wa Buyenzi ataielewa bila mkalimani.

Mzee anayekutwa na homa ya ini C leo, mara nyingi, alisimama mstarini akiwa mtoto kwa sababu aliambiwa apone, naye akatii. Hakuna mchawi wa kumtafuta katika habari hiyo, na hakuna aibu ya kumtwika. Lililobaki ni kumpeleka kupimwa.